Geji ya Kuongeza ya Mafuta kwenye Pikipiki ya Zamani: Dalili, Visababishi na Utatuzi

Pikipiki nyingi za zamani ambazo bado zinafanya kazi kila siku katika Afrika Mashariki, kuanzia Honda XL125, Yamaha DT na Suzuki TF125 hadi Honda CG125 na pikipiki za Kichina zilizotokana na injini yake, ama hazikupewa geji ya mafuta kiwandani, ama geji zilizokuwamo zilikwisha kufa. Mwenye pikipiki huzoea kufungua kifuniko cha tangi, kuitikisa pikipiki na kukisia kwa mlio, na akikosea hesabu hubaki akiitegemea koki ya rizevu. Geji za kuongeza, yaani zinazonunuliwa kando na kufungwa baadaye, za mshale na za kidijitali, zinapatikana kwa urahisi, na kwa kuwa zina nyaya tatu au nne tu, watu huzifunga bila wasiwasi wowote. Matatizo huanza baada ya hapo: mshale hauinuki, au umekwama juu, au unaonyesha nusu tangi wakati pikipiki inasukumwa kwa mkono kando ya barabara.

Maelezo haya yanamhusu mtu aliyefikia hatua hiyo. Nianze kwa kusema wazi kwamba geji yenyewe inapaswa kuwa ya mwisho kushukiwa. Kabla ya kuirudisha dukani, chunguza mambo matatu: ulinganifu wa ukinzani kati ya geji na kifaa cha ndani ya tangi, ethi ya tangi (njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri), na mahali umeme wa geji ulipochukuliwa. Sehemu kubwa ya geji zinazotupwa kwa madai kwamba ni mbovu zina kosa katika mojawapo ya hayo.

Njia ya umeme na nambari zinazohusika

Umeme chanya hutoka kwenye betri, hupita kwenye fyuzi na swichi ya ufunguo, kisha huingia kwenye geji. Kutoka hapo kuna njia mbili za kurudi kwenye hasi: waya wa ethi wa geji yenyewe, na waya wa ishara unaokwenda hadi kwenye tangi, ambako hupita ndani ya kifaa ambacho hapa nitakiita floti kabla ya kuishia kwenye ethi. Ndani ya floti kuna boya linaloelea juu ya mafuta, mkono unaolishikilia, na kigusio kinachoteleza juu ya kipande cha ukinzani. Boya likipanda au kushuka, ukinzani hubadilika, na geji huutafsiri kuwa kiasi cha mafuta. Geji haijui lolote kuhusu lita. Inachokijua ni omu, yaani kile kipimo chenye alama ya Ω kwenye multimita, kifaa cha kupimia umeme.

Hakuna kiwango kimoja cha omu kinachotumika duniani kote. Floti za mtindo wa Kimarekani huwa na omu 240 tangi likiwa tupu na omu 33 likiwa limejaa. Za mtindo wa Ulaya, zinazofahamika zaidi kwa jina la VDO, huenda kinyume: omu 10 tangi likiwa tupu na 180 likijaa. Magari mengi ya zamani ya General Motors yalitumia 0 hadi 90, nayo 0 ilikuwa ya tangi tupu. Pikipiki nyingi za Honda na Yamaha zilizotoka kiwandani zikiwa na floti huwa na omu 90 hadi 100 tangi likiwa tupu, na 4 hadi 10 likijaa. Geji za kidijitali za kuongeza mara nyingi zina menyu ya kuchagua 100, 250 au 510, na nambari hiyo humaanisha ukinzani wa tangi tupu. Andika nambari za geji yako na za floti yako kwenye karatasi kabla ya kuendelea, kwa sababu dalili moja huweza kuwa na maana mbili zinazopingana kutegemea geji ni ya mtindo upi.

Kabla ya kugusa waya

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini na kukaa sakafuni hata mahali ambapo pua haisikii harufu kali. Fanya kazi nje au penye hewa ya kutosha, ondoa kwanza waya wa hasi wa betri, na floti ikihitaji kuchunguzwa, itoe kwenye tangi uipeleke mbali na mafuta.

Lipo kosa moja ambalo haliruhusiwi hata kwa sekunde, nalo ni kupeleka volti 12 moja kwa moja kwenye waya wa floti ili kuona kama inafanya kazi. Floti yenye omu 7 ikipewa volti 12 hupitisha ampea 1.7, ambazo ni sawa na takribani wati 20 za joto kwenye kipande chembamba kilichokusudiwa kubeba sehemu ndogo tu ya joto hilo, na kipande hicho kimo ndani ya tangi la petroli. Kwa sababu hiyohiyo, taa ya majaribio yenye balbu itumike kutafutia chanya tu, kamwe isiguse waya wa floti. Floti hupimwa kwa multimita iliyowekwa kwenye omu, waya wake ukiwa umechomolewa.

Kipimo cha kwanza kwa kila dalili

Chomoa waya wa ishara kwenye tangi, rudisha waya wa hasi wa betri, washa swichi ya ufunguo na utazame geji. Kisha gusisha waya huo kwenye ethi nzuri, mbali na mdomo wa tangi, na utazame tena. Kwa geji ya mtindo wa Kimarekani na ya mtindo wa pikipiki za Kijapani, waya uliochomolewa huleta E (tupu), na waya uliogusishwa ethi huleta F (limejaa) au kupita kidogo. Kwa VDO na General Motors ni kinyume chake: waya ukichomolewa mshale huenda F, ukigusishwa ethi huenda E. Baadhi ya geji za kidijitali humetameta waya ukiwa wazi, jambo ambalo ni onyo la kiwandani wala si kasoro.

Geji za mshale zinazofanya kazi kwa utepe wa metali mbili unaopindwa na joto huchukua muda kufika mahali pake, kwa hiyo usihukumu baada ya sekunde mbili.

Kama geji imekwenda kote kuwili kama inavyopaswa, geji ni nzima, umeme wake unafika, na waya wa ishara haujakatika. Tatizo limebaki kwenye floti, kwenye ethi ya tangi au katika kutolingana kwa omu. Kama haikutikisika, tatizo liko upande wa geji na umeme wake. Kipimo hiki hugawa kazi nzima katika nusu mbili, na mtu anayekiruka huishia kufungua tangi ambalo halikuwa na kosa.

Geji haionyeshi chochote

Pima volti kati ya waya chanya wa geji na hasi ya betri, injini ikiwa imezimwa na ufunguo ukiwa umewashwa. Volti zikiwa karibu na zile za betri, hamisha ncha ya hasi ya multimita kwenye waya wa ethi wa geji. Zikipotea hapo, ethi ya geji ndiyo iliyokatika. Zikiwapo pande zote mbili na geji bado imelala, hapo sasa unaweza kuishuku.

Mara nyingi, hata hivyo, utakuta chanya yenyewe haipo, au ipo kwa namna ya ajabu. Kwenye CG125 na pikipiki nyingi za Kichina za aina yake, taa ya mbele haipati umeme kutoka kwenye betri. Inaupata moja kwa moja kutoka kwenye koili ya taa iliyo ndani ya magneto, yaani jenereta ndogo inayozungushwa na injini, na umeme huo ni wa kubadilika mwelekeo, ambao volti zake hupanda na kushuka na mwendo wa injini. Fundi aliyetafuta chanya iliyo karibu, akaupata waya wa taa ya mbele ndani ya kifuniko cha taa, atakuwa amefunga geji inayolala injini ikizimwa, inayotetemeka injini ikiwa silensa (ikinguruma bila kuongezwa moto), na ambayo, ikiwa ya kidijitali, haitadumu. Ili kuthibitisha, weka multimita kwenye volti za umeme wa kubadilika, washa injini na upime waya huo. Geji inahitaji waya unaotoka kwenye betri kupitia swichi ya ufunguo, na njia rahisi ya kuupata ni kufuata waya unaolisha honi au swichi ya taa ya breki, kisha kuhakikisha kwamba una volti za betri ufunguo ukiwashwa na hauna kitu ukizimwa.

Rangi za nyaya husaidia, ila kwa sharti kwamba usichanganye ukoo mmoja na mwingine. Kwa Honda na pikipiki za Kichina zinazofuata mpangilio wake, waya mweusi ni chanya inayopitia kwenye swichi na wa kijani ni ethi. Kwa Yamaha, mweusi ni ethi na wa kahawia ndio chanya ya swichi. Kwa Suzuki, chanya ya swichi ni rangi ya chungwa, na ethi ni mweusi wenye mstari mweupe. Mtego mbaya kuliko yote umo katika huo wa mwisho, kwa kuwa mweusi wenye mstari mweupe kwenye Honda na Wachina ni waya wa kuzimia injini, uliounganishwa na CDI, kisanduku cha kielektroniki kinachotoa moto wa plagi. Aliyezoea Suzuki akiutumia kuwa ethi ya geji kwenye CG, injini hukataa kuwaka au hukosa moto, na volti za koili inayolisha CDI, ambazo huzidi 100, huingia kwenye geji iliyotengenezwa kwa volti 12. Pikipiki pia hupita mikononi mwa mafundi wengi, na waya uliobadilishwa huko nyuma haulazimiki kufuata rangi yoyote. Multimita ndiyo yenye kauli ya mwisho.

Baadhi ya pikipiki kongwe zaidi zina betri ya volti 6. Geji ya volti 12 hapo ama haitawaka, ama mshale utajikokota. Nunua geji ya volti 6, au ufunge kigeuzi kidogo cha kupandisha volti.

Haifiki F hata tangi likijazwa, au haishuki kabisa hadi E

Dalili hii watu huivumilia kwa kudhani kwamba geji za bei nafuu ndivyo zilivyo. Kwa kweli ni dalili yenye maelezo mengi kuliko zote, na mara nyingi huelekeza kwenye ethi ya tangi.

Tangi la pikipiki kwa kawaida limekaa juu ya mipira mbele, na nyuma limefungwa kwa boliti inayopita kwenye mpira mwingine. Bomba la mafuta ni la mpira. Tangi zima limepakwa rangi. Kwa hiyo tangi la chuma linaweza kuwa limetengwa kabisa na fremu kwa upande wa umeme, ingawa kwa macho vinaonekana kuwa kitu kimoja. Floti yenye waya mmoja hutegemea tangi kuwa ndiyo njia ya kurudi, na njia hiyo ikiwa ya kubahatisha, kupitia ncha ya boliti iliyokwaruza rangi au kebo iliyolala juu ya tangi, ukinzani wake hujiongeza juu ya ule wa floti.

Tuseme ethi mbovu imeongeza omu 10. Kwenye floti ya Kimarekani, tangi likijaa geji huona omu 43 badala ya 33, nayo hubaki chini ya F. Tangi likiwa tupu huona 250 badala ya 240, tofauti ambayo jicho haliioni. Ndiyo maana geji inayokosea juu tu na kusema kweli chini inapaswa kukufanya uwaze ethi kabla ya kitu kingine chochote. Kwenye floti ya Kijapani athari ni kubwa zaidi, kwani omu 7 zikiwa 17 ni badiliko zito. Kwenye VDO kosa huhamia upande wa hatari: tangi tupu ambalo lilipaswa kusoma omu 10 husoma 20, geji haifiki E, na mwendeshaji huamini kwamba bado ana mafuta.

Usiupime ubora wa ethi kwa omu peke yake, kwa sababu multimita ya kawaida haiko makini kwenye omu chache, na nyaya zake zenyewe huwa na sehemu ya omu. Gusanisha ncha zake kwanza, usome zinachoonyesha, kisha ukitoe katika kila kipimo. Kipimo bora ni cha volti: washa ufunguo, kila kitu kikiwa kimeunganishwa, weka ncha moja ya multimita kwenye skrubu inayoifunga floti kwenye tangi (si kwenye waya wa ishara) na nyingine kwenye hasi ya betri. Ethi nzuri haitaonyesha zaidi ya sehemu ya kumi ya volti. Ukikuta nusu volti au zaidi, umepata mwizi wa omu zako.

Tiba yake ni waya mmoja wa ethi kutoka kwenye skrubu ya floti hadi kwenye hasi ya betri au boliti safi ya injini, ukiwa na tamino ya duara iliyobanwa vizuri na kiunganishi kinachochomoka ili tangi liweze kutolewa siku ya kusafisha kabureta. Kwangula rangi chini ya tamino, kaza, kisha paka grisi juu yake kuzuia kutu. Floti yenye nyaya mbili nayo inahitaji uangalifu huohuo, kwa kuwa waya wake wa pili hauna faida ukifungwa kwenye boliti iliyojaa rangi. Kwa tangi la plastiki, waya huo ni wa lazima.

Tazama pia jinsi floti ilivyofungwa. Gasketi hutenga bamba la floti na tangi, na anayezungusha utepe wa kuzuia uvujaji kwenye nyuzi za skrubu huziba hata njia iliyokuwa imebaki. Tukiwa hapo, silikoni ya kawaida ya kuzibia madirisha haifai kwa petroli: huvimba, hulegea, na vipande vyake huenda kukaa kwenye koki. Tumia gasketi ya mpira wa nitrili.

Geji imekwama F

Kwa geji ambazo omu chache humaanisha tangi limejaa, kukwama juu humaanisha kwamba waya wa ishara umepata njia ya mkato kwenda ethi. Uchomoe kwenye tangi. Mshale ukishuka, kosa liko ndani ya floti, ama mkono umekwama ukutani mwa tangi, ama kipande cha ukinzani kimepiga shoti. Usiposhuka, waya umebanwa mahali fulani, na mahali pa kwanza pa kutazama ni pale unapopita kati ya tangi na fremu, kisha kwenye shingo ya usukani ambako hukunjwa kila pikipiki inapokata kona. Ikiwa mshale hushuka usukani ukiwa umenyooka na kupanda ukikatwa upande mmoja, hakuna haja ya kutafuta zaidi.

Geji imekwama E

Kwa geji hizohizo, ama saketi imekatika, ama boya limezama. Toa floti, ipanguse, unganisha multimita na usogeze mkono polepole kutoka chini hadi juu. Nambari zibadilike kwa utaratibu bila kuruka. Zikikatika katikati na kurudi, kipande cha ukinzani kimelika au kimeota kutu, jambo la kawaida kwenye matangi yenye maji, kwa kuwa maji hukaa chini ya petroli na kuila metali polepole. Kipande kilicholika hakitengenezeki kwa namna ya kutegemewa, badilisha floti.

Boya lililo tupu ndani hujaa petroli kupitia ufa mdogo, kisha huzama. Litikise sikioni. Usiposikia kitu, lizamishe kwenye maji ya moto yaliyochemshiwa mbali, utazame kama linatoa viputo. Boya la shaba lililotoboka lisichomewe kwa risasi likiwa bado na petroli ndani. Ni afadhali kununua jingine.

Inaonyesha nusu wakati tangi ni tupu

Mtu amenunua geji ya 240 hadi 33 na kuifunga kwenye tangi lenye floti ya Kijapani. Kwenye mtindo wa Kimarekani, nusu tangi ni takribani omu 103. Floti ya Kijapani tangi likiwa tupu ina omu 95 hivi. Geji basi husema kwa uaminifu kamili kwamba kuna mafuta kupita nusu, na mwendeshaji akiongeza mafuta, mshale hufika F mapema, mara tu ukinzani unaposhuka chini ya 33, hata kama tangi bado lina nafasi kubwa.

Wengi hujaribu kulirekebisha hili kwa risista, yaani kipande cha ukinzani usiobadilika. Risista iliyofungwa kwa mfuatano huongeza omu zilezile kote, kwa hiyo risista ya omu 27 itaifanya F isomeke karibu na sawa, lakini tangi tupu litakuwa na omu 122, ambazo bado ni karibu nusu. Hakuna risista inayoweza kuurefusha upeo wa floti. Ukinzani wa kuongeza huusogeza au huufupisha tu. Njia ya kweli hapa ni kuchagua geji inayolingana na floti, au geji ya kidijitali yenye chaguo la 100.

Kufupisha kunawezekana. Floti ya omu 510 ikifungwa sambamba na risista ya omu 120 husomeka omu 97 tangi likiwa tupu, na geji ya 100 hukubali. Gharama yake ni kwamba katikati hupindika: tangi likiwa nusu, floti ikiwa na omu 255, geji huona karibu 82 na kuonyesha kwamba mafuta yanakaribia kwisha. Kosa hilo angalau halimwachi mtu njiani, na kama huna njia nyingine, mimi ningelikubali.

Geji inayosoma kinyume, ikishuka kila unapoongeza mafuta, imekutanishwa na floti ya ukoo mwingine. Baadhi ya floti huruhusu mkono kugeuzwa upande wa pili; zisizoruhusu zinahitaji geji nyingine. Kubadilishana nyaya za geji hakutasaidia, na kunaweza kuiunguza.

Mshale hufuata injini, taa au indiketa

Mshale ukipanda unapozidisha moto, pima volti za betri injini ikienda. Kwa mfumo wa volti 12, kati ya 13.5 na 14.5 ni kawaida; zikipita 15 reguleta, yaani kidhibiti cha volti za kuchaji, imekufa, na geji imekutahadharisha kabla betri haijachemka. Zikiwa za kawaida, huenda geji ni ya aina rahisi isiyo na kidhibiti cha volti ndani. Kidhibiti kidogo cha kuongeza hutosha, ilimradi geji iwe imekusudiwa volti hizo za chini.

Mshale ukiruka pamoja na indiketa, au ukisogea taa zinapowashwa, geji inatumia ethi moja nyembamba pamoja na taa. Ipe waya wake hadi kwenye betri.

Kutikisika kwa mshale barabara ikiwa mbovu, na kutulia kwenye lami, ni mafuta tu yanayocheza ndani ya tangi. Wapo wanaopendekeza kapasita, kifaa kinachohifadhi umeme kidogo, kati ya waya wa ishara na ethi. Kwa ukinzani wa omu 100 hivi, kapasita ya mikrofaradi 1000 hutuliza kwa sehemu ya kumi ya sekunde, muda usioweza kushindana na shimo la barabarani. Ingehitajika mara kumi zaidi ili upate sekunde moja. Afadhali geji yenye utulizaji wake ndani.

Fyuzi inakatika, au betri inalala usiku

Geji hutumia umeme kidogo, na fyuzi ya ampea 1 au 2 karibu na mahali chanya ilipochukuliwa inatosha. Ikikatika mara moja, waya chanya unagusa fremu. Usiweke kubwa zaidi ili kuivumilisha. Betri ikishuka pikipiki ikiwa imeegeshwa, geji ilifungwa kwenye chanya ya moja kwa moja badala ya ile ya swichi. Geji ya kidijitali yenye saa huwa na waya wa pili wa kudumu, na hizo mbili zikibadilishana nafasi, matokeo ni hayohayo.

Omu ni sahihi, lakini lita hazilingani

Tangi la pikipiki lina handaki katikati linalopitisha fremu, na mafuta yakishuka chini ya ukingo wake hugawanyika kulia na kushoto. Floti hupima upande mmoja tu, wakati mafuta ya upande usio na koki hayafiki kwenye injini mpaka pikipiki ilazwe kidogo yavuke. Stendi ya pembeni nayo huilaza pikipiki kushoto, hivyo floti ya kushoto huongeza na ya kulia hupunguza. Soma geji pikipiki ikiwa wima.

Baada ya kila kitu kufanya kazi, mwaga mafuta yote kwenye chombo salama, simamisha pikipiki wima mahali tambarare, kisha tia lita moja moja ukiandika mshale uliposimama kila mara na kuipa geji ya metali mbili muda wa kutulia. Lita za mwanzo huenda zisiinue kitu, kwa sababu boya haliteremki hadi sakafu ya tangi. Endelea hadi tangi lijae, kisha fanya safari ukiwa na mafuta ya akiba kwenye dumu salama, na siku koki itakapolazimika kugeuzwa kwenda rizevu, weka alama ndogo ya rangi kwenye kioo cha geji mahali mshale ulipo. Kwenye pikipiki nyingi alama hiyo itaangukia mbali kidogo na E, na hapo ndipo pa kwenda kituo cha mafuta.